Kunuka, Kunukia

Kati ya uvundo na manukato Kiswahili kimeweka herufi moja tu. Nuka, nukia. Mtu akikuambia unanukia, unatabasamu na kujifanya hujasikia ili arudie. Akikuambia unanuka, unatafuta maji. Watu wa pwani hawachanganyi hapo. Sisi wa Kitengela, ambako kila mtu amehamia na Kiswahili cha kwao, hiyo i tunaimeza: "Leo umenuka fiti." Aliyeambiwa anaelewa, anashukuru, siku inaendelea.

Tangu 2021 hiyo herufi moja imekuwa shughuli ya nyumbani kwetu. Iliyoileta ni chupa ya mililita 30 ya pafyumu ya maua meupe, ambayo Mum hujipaka kila asubuhi na hawezi kuinusa.

Wacha nianze na maua yenyewe. Watengenezaji wa manukato wana kundi zima la harufu wanaloliita maua meupe. Humo mna asumini, maua ya mchungwa, gardenia, tuberose, na lile ua dogo la Ulaya lenye umbo la kengele ambalo Wafaransa huliita muguet. Jina lenyewe si la kushikilia sana, kwa sababu mlangilangi unaolimwa Visiwa vya Komoro una maua ya manjano na bado huingizwa humo. Kinachoyaunganisha ni tabia. Mengi yake hunukia zaidi jioni na usiku, saa ambazo rangi haina kazi, kwa hivyo huita nondo kwa harufu. Ndiyo maana asumini huchumwa mapema, kabla jua halijapanda. Pwani hawakuhitaji kufundishwa hilo. Lamu, Mombasa na Unguja asumini hutungwa ikavaliwa nyweleni, ikachanganywa na rehani na mkadi kutengeneza kikuba. Ni harufu ya bibi harusi, ya mtu anayetaka ijulikane kwamba amefika.

Lakini ndani ya kundi hilo kuna upande mwingine, wa harufu pole. Muuzaji wetu hapa Noonkopir, kijana wa Mombasa mwenye duka lisilozidi upana wa kitanda, alimweleza Mum siku ya kwanza: "Mamangu, hii ni ya maua meupe lakini haina makuu. Haikutangulii mlangoni." Nyuma yake kulikuwa na mitungi ya mafuta ya manukato imepangwa kama dawa za hospitali. Alipima kwa sindano, shilingi 15 kwa mililita, akaongeza spiriti yake, akatikisa. Mum akajipaka mkononi, akangoja. Hakununua siku hiyo. Alienda nyumbani, akalala nayo, akarudi kesho yake jioni na pesa.

Nilikuwa kidato cha tatu na niliona ni ushamba, kungoja siku nzima kununua kitu cha kunusa. Leo ningesema ndiyo njia pekee ya kuinunua.

Mum alifanya kazi miaka tisa kwenye shamba la maua upande wa Isinya, kitengo cha kupakia. Waridi. Alizipanga kwa urefu wa shina, akazifunga kwa mafungu, zikaenda kwenye baridi, zikapanda ndege usiku kwenda Ulaya. Alirudi nyumbani na vidole vilivyochanika na nguo zilizonuka dawa. Watu walidhani anashinda kwenye marashi. Ukweli ni kwamba waridi nyingi za biashara hazina harufu ya maana. Kwa miaka mingi wafugaji wa mbegu wamechagua ua linalodumu kwenye chombo, lenye shina refu na petali ngumu za kuvumilia safari, na harufu ikaachwa njiani. Kwa hivyo mwisho wa mwezi, baada ya kulipa kodi ya nyumba na kunitumia pesa ya shule, mwanamke aliyeshika maua maelfu kila wiki alienda kupimiwa ua la mililita 10.

Mum alipata korona mwezi Machi 2021, wiki ile ile kaunti tano, Kajiado ikiwemo, zilifungwa tusitoke wala kuingia. Homa ilikaa siku sita, kikohozi wiki tatu. Vyote vikaenda lakini pua haikurudi. Asubuhi moja aliteleka maziwa, yakachemka, yakafurika, yakaungua hadi jirani wa plotini akaja kugonga mlango. Mum alikuwa amekaa mita mbili kutoka kwa meko akichambua mchele.

Hakulia. Alizima gesi, akaenda chumbani, akarudi na ile chupa. Akajipulizia kifundo cha mkono, akanusa, akaninyoshea.

"Iko?"

"Iko, Mum."

"Inanukia aje?"

Nikamwambia iko poa, ni ile ile. Akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Hapa ni lazima niseme kazi yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikisomea kemia, karo ilipokuwa nzito kuliko mshahara wa kupakia maua. Tangu hapo naandika kwa mtandao. Wateja wako mbali, wanalipa kwa neno, na wengi huuza vitu ambavyo sitavishika: viti vya bustani, chakula cha paka, na mwezi huo, manukato 40. Nilitumiwa orodha ya viungo na maelezo ya mtindo unaotakiwa. Kila pafyumu ya maua meupe ilitakiwa iwe "safi", "laini", "ya kike", "inayong'aa". Maneno hayo yalilipa kodi. Lakini nilipojaribu kumtafsiria Mum hayo hayo, alikuwa na swali rahisi ambalo mteja hakuwahi kuniuliza: "Safi kama nini?"

Ikabidi nifungue daftari la pembeni. Nikaanza kumwandikia mtu mmoja.

Kitu cha kwanza unachojifunza ukilazimika kumweleza mtu harufu saa baada ya saa ni kwamba harufu si kitu kimoja. Molekuli ndogo huruka haraka, kubwa hubaki. Mtengenezaji anapopanga pafyumu anapanga zamu za kuondoka. Dakika za kwanza hutoka vitu vyepesi, kama ganda la limau au majani mabichi. Ni salamu tu, na ndizo zinazouza chupa nyingi dukani, kwa sababu wengi wetu hununua kwa haraka. Baada ya nusu saa hivi unafika moyo wake, yaani maua, na hayo hukaa kwa saa kadhaa. Mwisho hubaki msingi: miski, msandali, vanila, vitu vizito vinavyoganda kwenye ngozi na nguo hadi kesho. Mum hakuwa anajua majina haya, lakini siku ile alipoilalia ndipo akanunua, alikuwa ameenda kuonja zamu ya mwisho.

Kitu cha pili ni kwamba upole wa maua meupe si wa asili. Asumini halisi ina nguvu. Gardenia na muguet hazitoi mafuta ya kufaa biashara kwa njia za kawaida. Ukinusa gardenia ndani ya chupa, karibu kila mara unanusa mtu aliyeikumbuka vizuri na kuiunda upya kwa vitu vingine. Edmond Roudnitska, Mfaransa, aliunda Diorissimo mwaka 1956 akiitafuta harufu ya muguet kwa namna hiyo. Miaka kumi baadaye, 1966, alitumia kwenye Eau Sauvage kitu kilichogunduliwa na wanakemia waliokuwa wakichunguza asumini, kinachoitwa Hedione. Peke yake hakinukii sana. Kazi yake ni kufungua madirisha: maua yanabaki lakini hewa inapita katikati. Pafyumu nyingi pole za leo, hata zile za kupimiwa kwa sindano Noonkopir, zinategemea vitu vya aina hiyo. Nilipomsomea Mum hili alisema, "Kwa hivyo hata aliyeitengeneza alikuwa anaelezea ua ambalo halipo." Nikasema ndiyo. Akasema basi sote watatu tuko kazini.

Kliniki walimwambia angoje. Kwenye kusoma kwangu nikakutana na mazoezi ya pua ambayo daktari Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliyachapisha mwaka 2009. Yanatumia harufu nne: waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Unanusa kila moja kwa sekunde chache, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12 au zaidi, huku ukijaribu kuikumbuka. Hayamponyi kila mtu, lakini huwasaidia baadhi, na hayana gharama ya kutisha.

Limau tulinunua sokoni. Karafuu ilikuwa kwenye kopo la viungo vya pilau. Mkaratusi uko kila mahali Kenya, ukitaka usitake. Kilichotushinda ni waridi. Miaka tisa ya waridi na hatukuwa na mtu wa kumwomba moja yenye harufu! Mum alicheka hadi akakohoa. Mwishowe kijana wa duka akatupa marashi ya mawaridi, ile chupa ndogo ya kunyunyiza kwenye matanga na arusi, na akakataa pesa. "Mamangu akipona atanilipa."

Asubuhi na jioni, Mum kwenye stuli, mimi na daftari. Wiki 12 zikapita, hakuna. Tukaanza nyingine.

Katikati ya mzunguko wa pili alitaka kwenda Kajiado mjini kumwona rafiki aliyepakia naye maua. Kutoka Kitengela ni takriban kilomita 50 kwa barabara ya Namanga. Stejini, kabla hatujapanda, alijipulizia kifundo cha mkono na kusema, "Leo utanisomea mpaka tufike."

Nikamsomea. Tulipotoka stejini, matatu ikipiga honi katikati ya nduthi na mikokoteni ya maji, nikamwambia sasa hivi ni ganda la limau ukilikwaruza na ukucha, na nyuma yake kuna kitu kijani, kama shina la ua likikatwa. "Hilo la shina nalijua," akasema. Kufika Kisaju limau lilikuwa limeondoka. Nikamwambia ua linaingia, na lina kitu kama ndizi iliyoanza kuiva, ile siku moja kabla ya kuwa tamu sana. Hili silizui: asumini ina kiungo kingi kinachoitwa bensili asetati, ambacho peke yake kinakaribia sana ndizi. Mum alifumba macho. "Kwa ndizi naona. Endelea." Abiria wa mbele aligeuka kututazama, akageukia dirisha.

Isinya, yale mapaa ya plastiki ya mashamba yakaanza kuonekana. Nikamwambia maua sasa yamejaa lakini yametulia, hayapigi kelele, ni kama watu wengi weupe wa mavazi wameingia kanisani na hakuna aliyesukumana. Alitazama mapaa yale muda mrefu.

"Ningepoteza pua kule ndani," akasema, "singejua hadi nistaafu."

Tulipokaribia Kajiado ilikuwa imeshuka kwenye ngozi. Nikamwambia: shuka iliyofuliwa, ikaanikwa juani, ikakunjwa kabla haijapoa. Hiyo ndiyo miski nyeupe. Imepewa jina hilo si kwa sababu ina rangi, ila kwa sababu miski za maabara zimetumika miaka mingi kwenye sabuni za kufulia, maana hushika kitambaa hata baada ya kusuuzwa. Tukinusa usafi tunanusa miski. Ukishajua hivyo, neno "safi" la wateja wangu linapata mwili: ni mtu aliyeinama kwenye karai.

Rafiki yake anakaa nje kidogo ya mji. Ni mama wa Kimaasai aliyemzidi Mum umri, na wajukuu wote humwita kokoo, nami nikamwita hivyo. "Takwenya, kokoo." "Iko." Alimshika Mum mabega, akamnusa shingoni jinsi wamama hunusa watoto, akasema, "Bado ni wewe." Mum akageuza uso.

Jioni mvua ilikuwa imepita siku chache na kando ya boma kulikuwa na kichaka cha miiba kimejaa maua madogo meupe yenye waridi kidogo shingoni. Wamaasai wanakiita olamuriaki, Wakamba tunakiita mukawa, vitabu vya Kiswahili vinakiita mtandamboo. Nimekula matunda yake meusi tangu utoto Machakos, wala sikuwahi kuinama kunusa maua. Yananukia karibu sana na asumini. Nilisimama hapo nikicheka peke yangu. Nilikuwa nimeandika maelezo 40 ya maua meupe kwa watu wa mbali, na Kajiado ilikuwa na lake kwenye ua wa mbuzi. Kokoo aliona ni jambo dogo. Kwao olamuriaki ni mzizi wa supu. Kwa kunukia, alisema, kuna leleshwa, ambayo wazee waliweka majani yake kwapani, na kuna moshi wa oloirien wa kusafishia kibuyu cha maziwa. Ua ni la nyuki.

Kisha akaelekeza mkono kwenye mlima wa mbali na kutuambia habari za msandali. Watu walikuja usiku, akasema, wakachimba. Hawakukata, waling'oa, kwa sababu mafuta yako kwenye mti wa ndani na zaidi kwenye mizizi. Nilikuwa nimesoma habari hiyo upande wa pili, upande wa kiwanda. Msandali wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, ulipigwa marufuku kuvunwa Kenya mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa kwenye orodha ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na bado magunia yake hukamatwa barabarani mara kwa mara. Ni mti wa ajabu, mizizi yake hushika mizizi ya majirani na kunyonya kwao, kwa hivyo si rahisi kuuotesha peke yake. Na kwenye manukato kazi yake ni ile ya zamu ya mwisho. Msandali ndio huyapa maua meupe ule ulaini wa maziwa na kuyazuia yasiruke. Sijui chupa ya Mum ina nini ndani, na kwa bei ile bila shaka ni cha maabara. Lakini nilipotazama ule mlima nilielewa kwamba sehemu ya harufu inayodumu zaidi ndiyo inayogharimu kwa kung'oa.

Nilirudi Kitengela na mfuko wa maua ya olamuriaki na mikono iliyochomwa. Zamani, kabla ya mitambo ya sasa, Wafaransa wa mji wa Grasse walikuwa wakipanga asumini juu ya mafuta ya mnyama yaliyogandishwa kwenye kioo. Ua lililochumwa huendelea kutoa harufu, na mafuta huinywa. Kesho yake unaondoa yaliyonyauka, unaweka mapya, siku baada ya siku. Mimi nilitumia sahani na Kimbo. Siku tatu, maua mara tatu, hadi mfuko ukaisha. Kilichopatikana kilikuwa mafuta ya kupikia yenye kumbukumbu ya mbali ya ua. Kumbuka kilo moja ya asumini hufikia maua kati ya 8,000 na 10,000, na kilo hiyo hutoa tone tu la mafuta yake halisi. Mum alijipaka ile Kimbo kwenye viwiko wiki nzima, kwa heshima. Hakunusa kitu, lakini alisema ngozi imelainika.

Ilirudi mwezi wa tisa wa mazoezi, na ilirudi vibaya.

Kwanza limau, kwa mbali, kama sauti ya redio ya jirani. Tukafurahi, tukapika chapati. Kisha karafuu. Kisha kahawa, ila kahawa ilinuka mpira ukiungua, na vitunguu vikanuka jalala. Madaktari wana jina la hali hiyo, parosmia: neva zinazojirekebisha hutuma ujumbe uliochanganyika. Wanasema mara nyingi ni dalili kwamba kitu kinasonga. Ukiishi nayo haifanani na dalili njema. Mum alipungua kilo. Alikula ugali na maziwa baridi, basi.

Jioni moja akajipulizia ile pafyumu, akangoja kama kawaida, na baada ya nusu saa akaruka kwenye kiti.

"Imeoza."

"Mum, haijaoza."

"Inanuka choo. Inanuka choo na zile tembe nyeupe za kabatini." Alikuwa anafuta mkono kwa leso, anasugua hadi ngozi inakuwa nyekundu. Kwa mara ya kwanza tangu 2021, alilia. Kutonusa kitu alikuwa amekubali. Lakini hii ilikuwa ndiyo harufu yake, aliyoinunua miaka yote kwa pesa ya kupakia waridi, na sasa ilikuwa imemgeuka.

Nilikaa chini kando ya kiti chake na kumwambia ukweli niliokuwa nao, nao ulitoka kwenye zile nusu mbili za shahada. Ndani ya asumini mna kitu kinaitwa indoli. Kimo kwenye maua ya mchungwa pia, na kwenye tuberose. Kimo vilevile kwenye kinyesi. Kikiwa kingi na peke yake kinanuka, na wengi hukilinganisha na nafthalini, zile tembe za kabatini. Kikiwa kidogo katikati ya vingine, ndicho kinachofanya ua liwe ua badala ya sabuni. Ukikitoa kabisa asumini inakuwa nzuri na imekufa. Watengenezaji wa harufu pole hupunguza indoli, wakaongeza hewa, wakaweka miski, lakini wenye busara huacha chembe.

"Kwa hivyo hujakosea," nikamwambia. "Hiyo choo iko. Iko tangu siku ya kwanza. Sisi wengine tunanusa yote pamoja, wewe umeletewa hiyo peke yake. Pua yako imerudi na nuka, bado inatafuta ile i."

Alinyamaza. Kisha akanusa tena, polepole, kama mtu anayemtazama mgeni aliyemkataza kuingia. "Ni mbaya sana," akasema. Hakufuta mkono.

Sitaki kudanganya kwamba maelezo yalimponya. Kilichosaidia ni miezi, na yale mazoezi aliyoendelea nayo hata siku alizoyachukia. Lakini tangu jioni ile aliacha kuogopa. Kila kitu kilichonuka alikiuliza kimeficha nini. Kahawa ilirudi kabla ya vitunguu. Waridi, ya kwenye ile chupa ya marashi, ilirudi siku moja akiwa amesahau kwamba ameishika.

Leo hali iko hivi. Limau yuko naye kila wakati. Karafuu mara nyingi. Asumini humjia jioni, sekunde chache, wakati mwingine na i na wakati mwingine bila. Miski haijawahi kurudi, na huenda isirudi, ingawa hata kati yetu wenye pua nzima kuna wengi wasionusa aina fulani za miski maisha yao yote na hawajui. Zamu ya mwisho ya pafyumu yake ananiachia mimi. Daftari limejaa, nimeanza la pili.

Mwezi uliopita kijana wa duka aliniomba nimwandikie vibandiko vya mitungi kwa Kiswahili, kwa sababu wateja wake wengi wamechoka kusomewa majina ya Kifaransa. Malipo ni kwa mililita. Wa Mum niliuandika wa kwanza: Maua meupe, pole. Huanza na ganda la limau. Nusu saa baadaye ni asumini na ndizi inayoiva. Usiku hubaki shuka ya juani. Subiri kabla ya kununua.

Mum alikisoma mara mbili pale kaunta, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Hujaandika choo," akasema.

Kijana akacheka. "Mamangu, nikiweka hivyo nitauza?"

"Andika kidogo. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo."

Alikataa. Mum akashusha miwani, akatoa chupa kwenye mkoba, na kumwambia ampimie mililita 10 kama kawaida.